Johnny Weissmuller: Bingwa wa majini aliyefundishwa kutokuwa na haraka

KWA wapenzi wengi wa sinema za zamani, jina la Johnny Weissmuller huleta picha ya mtu mrefu mwenye kifua kipana, anayerukia kamba za miti ya msituni huku akipiga ukelele wa Tarzan. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuingia Hollywood mtu huyo alikuwa muogeleaji ambaye dunia ya miaka ya 1920 haikupata kumwona mwenzake.

Alitwaa medali 5 za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki miwili, na alikuwa binadamu wa kwanza kutambuliwa rasmi kuwa ameogelea mita 100 za mtindo huru kwa muda wa chini ya dakika moja. Lakini urithi wake mkubwa kwa waogeleaji ni somo ambalo wengi wao hulisahau wanaposimama ukingoni mwa bwawa wakisubiri ishara: kwamba kasi majini huanzia kwenye pumzi, na pumzi haikai vyema katika mwili uliokakamaa.

Weissmuller alizaliwa Juni 2, 1904, katika kijiji cha Wajerumani cha Freidorf, karibu na mji wa Timisoara. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo ni sehemu ya Romania. Wazazi wake, Peter na Elizabeth, walikuwa watu wa kipato cha chini. Januari 1905, mtoto akiwa na umri wa miezi saba tu, walipanda meli ya Rotterdam na kuvuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani kutafuta maisha.

Familia ilifikia Windber, mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Huko alizaliwa mdogo wake, Peter, Septemba 1905. Baadaye walihamia Chicago, jiji kubwa lililo kando ya Ziwa Michigan, na ziwa hilo ndilo lililomlea kijana Johnny. Yeye na mdogo wake walijifunza kuogelea wenyewe, bila mwalimu, katika maji yenye mawimbi na baridi.

Maisha hayakuwa mepesi. Baba hakudumu nyumbani, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama, aliyefanya kazi ya upishi. Johnny aliacha shule mapema na kufanya vibarua, ikiwamo kazi katika hoteli mjini humo. Kijana wa namna hiyo hakuwa na njia nyingi za kuinuka. Njia aliyoipata ilikuwa ya maji.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alifika katika klabu ya Illinois Athletic Club kufanyiwa majaribio mbele ya kocha William Bachrach. Bachrach alikuwa mtu mnene kupindukia, mpenda sigara nene, na mkali wa maneno. Lakini jicho lake lilijua kumtambua muogeleaji. Alichokiona siku hiyo kilimfurahisha na kumsikitisha kwa wakati mmoja. Kijana alikuwa na nguvu na kasi, lakini mtindo wake ulikuwa ovyo. Alipigana na maji badala ya kuyatumia.

Kocha alikubali kumfundisha kwa sharti zito. Johnny angemtii katika kila jambo, na asingeshindana na mtu yeyote mpaka mtindo wake utakapokamilika. Kwa kijana wa miaka 16 mwenye kiu ya ushindi, hiyo ilikuwa adhabu. Miezi ikapita akifanya mazoezi ya miguu peke yake, kisha mikono peke yake, kisha pumzi peke yake, kabla ya kuruhusiwa kuviunganisha.

Msingi wa mafundisho ya Bachrach ulikuwa kulegeza mwili. Aliwakataza wanafunzi wake kuwa watumwa wa saa ya kupimia muda. Aliamini kwamba muogeleaji anayewaza sekunde hukaza shingo, hukaza mabega, hubana taya, na mwisho hubana pumzi. Anayeufikiria mtindo wake huteleza, na muda mzuri humjia wenyewe kama matunda ya kazi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kocha huyo wa Chicago, ambaye hakuijua methali hiyo, aliifanya kuwa sheria ya bwawa lake.

Ili kuelewa kwa nini somo hilo lilikuwa na uzito, ni vyema kuangalia kinachotokea katika mwili wa anayeogelea. Mkimbiaji hupumua apendapo, kwa kuwa hewa imemzunguka. Muogeleaji wa mtindo huru, uso wake ukiwa majini, hupata nafasi fupi mno ya kupumua, sehemu tu ya sekunde, pale kichwa kinapogeuka pamoja na mwili na mdomo kutokea juu ya maji. Katika nafasi hiyo, mwenye ujuzi hufanya jambo moja tu, nalo ni kuvuta hewa.

Asiye na ujuzi hujaribu kufanya mambo mawili. Hubana pumzi yake yote uso ukiwa chini, kisha akigeuza kichwa hutaka kutoa hewa chafu na kuvuta safi kwa mara moja. Muda haumtoshi. Hupata hewa kidogo, mapafu yakibaki yamejaa hewa iliyotumika. Hewa ya ukaa huongezeka katika damu, na hiyo ndiyo inayouambia ubongo kwamba mwili unahitaji kupumua. Hofu hufuata, misuli hukaza, na misuli iliyokaza hutumia oksijeni zaidi. Hivyo mtu huchoka katikati ya bwawa akidhani amekosa nguvu, ilhali alichokosa ni utaratibu wa kutoa pumzi.

Dawa yake ni kutoa hewa majini, polepole na bila kukatisha, kwa pua na mdomo, tangu uso unapoingia majini mpaka unapokaribia kutoka tena. Kichwa kikigeuka, mapafu huwa tayari yana nafasi, na hewa safi huingia karibu yenyewe. Zaidi ya hapo, kutoa pumzi ndefu humsaidia mtu kutulia: mabega hushuka, shingo hulegea na taya huachia. Ndiyo maana makocha huwaanzisha wanafunzi wao kwa kusimama katika maji ya kina kifupi, kuzamisha uso na kutoa mapovu, kabla ya kuwafundisha mpigo wowote wa mikono.

Weissmuller aliyatia mafundisho hayo katika mwili wake mpaka yakawa tabia. Aliogelea kifua kikiwa juu, karibu kama mashua ya kasi inayoinua ncha yake. Mkono uliokuwa ukitoka majini kurudi mbele aliuacha ulegee kabisa, ukipumzika kwa ile sehemu ya sekunde kabla ya kuingia kazini tena. Aliweza kugeuza kichwa upande wowote, na hivyo aliwaona washindani wake wa kulia na wa kushoto bila kuvuruga mpigo.

Makocha wa leo hawakubaliani na kila kitu alichokifanya. Kichwa kilichoinuliwa namna ile huifanya miguu izame na maji yawe na upinzani mkubwa. Kwa sababu hiyo waogeleaji wa sasa hufundishwa kukilaza kichwa sambamba na uti wa mgongo. Weissmuller aliweza kuubeba mtindo wake kwa sababu ya mateke yake yenye nguvu ya pekee. Lakini yale mawili ya msingi, kutoa pumzi ndani ya maji na kuipumzisha misuli isiyo kazini, yamebaki kama alivyoyaacha.

Agosti 1921 Bachrach aliona wakati umefika. Katika mashindano ya taifa yaliyofanyika Duluth, jimbo la Minnesota, kijana huyo asiyejulikana aliibuka bingwa. Tangu siku hiyo mpaka alipoacha mashindano ya ridhaa, hesabu zake za ushindi zikawa ndefu kiasi cha kutatanisha. Zinazotajwa mara nyingi ni mataji 52 ya taifa la Marekani na rekodi 67 za dunia.

Siku iliyoingia katika vitabu vya historia ni Julai 9, 1922. Huko Alameda, California, aliogelea mita 100 kwa sekunde 58.6. Rekodi aliyoivunja ya dakika 1 na sekunde 0.4 ilikuwa ya Duke Kahanamoku wa Hawaii, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1912 na 1920, aliyeheshimiwa duniani kote. Februari 1924, mjini Miami, Weissmuller aliishusha tena mpaka sekunde 57.4, na rekodi hiyo ikakaa miaka 10 bila kuguswa.

Hata hivyo, kulikuwa na kikwazo ambacho mazoezi yasingeweza kukiondoa. Ili kuiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya Paris ya 1924 alihitaji pasipoti, na ili apate pasipoti alihitaji kuthibitisha uraia. Yeye alikuwa amezaliwa Ulaya. Minong'ono ikaanza kusikika juu ya mahali alipozaliwa. Ilikuwa hatari ya kweli: kijana aliyelelewa Chicago tangu utotoni angeweza kufungiwa mlango wa michezo hiyo, na kazi yote ya miaka minne kupotea.

Familia ikachagua njia ya mkato. Kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mdogo wake Peter, aliyezaliwa Pennsylvania, ilitumiwa kana kwamba ni yake. Kwa maandishi hayo akapata pasipoti na kupanda meli ya kwenda Ufaransa. Siri hiyo aliibeba maisha yake yote, huku akitaja Windber kuwa ndiko alikozaliwa, na ukweli ulikuja kuenea hadharani baada ya kifo chake. Hakuna awezaye kuupima uzito wa siri ya namna hiyo kifuani mwa kijana wa miaka 20 anayetarajiwa kuogelea kwa utulivu.

Bwawa la Tourelles mjini Paris lilikuwa la mita 50, likiwa na njia zilizowekewa alama, jambo jipya katika Olimpiki. Julai 18 alishindana katika fainali ya mita 400. Wapinzani wake wawili, Arne Borg wa Sweden na Andrew Charlton wa Australia, walikuwa hodari wa masafa marefu. Walimaliza wote watatu ndani ya sekunde 2.4, lakini mbele alikuwa Weissmuller kwa dakika 5 na sekunde 4.2.

Siku mbili baadaye ikaja fainali ya mita 100. Katika bwawa alikuwapo Duke Kahanamoku, mwenye karibu miaka 34, pamoja na mdogo wake Sam. Weissmuller alimaliza kwa sekunde 59.0, Duke akawa wa pili na Sam wa tatu. Wamarekani watatu wakapanda jukwaa la heshima, na taji likahama kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana bila chuki. Duke alimheshimu aliyemshinda, na Weissmuller hakuacha kumsifu Duke mpaka uzeeni.

Dhahabu ya tatu aliipata katika mbio za kupokezana za mita 200 mara 4, na juu yake akaongeza shaba katika timu ya polo ya majini. Katikati ya yote hayo alipata muda wa kuwachekesha watazamaji. Yeye na mwenzake Stubby Kruger walifanya maonyesho ya mbizi za vichekesho, na umati ukawashangilia sana. Wengine wakati huo walikuwa wamejifungia wakiwaza mashindano yao. Yeye alikuwa akijirusha majini kama mtoto, na kwa namna hiyo akiupumzisha moyo na misuli.

Mwaka 1927 maji yalimpa mtihani usiokuwa na medali. Julai 28, yeye na mdogo wake Peter walikuwa wakifanya mazoezi katika Ziwa Michigan wakati dhoruba ya ghafla ilipoipindua boti ya matembezi iliyoitwa Favorite, karibu na ufuo wa Chicago. Abiria wengi walikuwa wanawake na watoto. Ndugu hao wawili walizama tena na tena, wakiwatoa watu mmoja mmoja. Inakumbukwa kwamba waliwaokoa watu 11. Wengine 27 walikufa, na waokoaji walishuhudia jinsi watoto walivyokata roho mbele ya macho yao. Baada ya siku hiyo Weissmuller alisisitiza kwamba kila mtoto afundishwe kuogelea, kwa kuwa ujuzi huo ni kinga ya uhai kabla ya kuwa mchezo.

Olimpiki ya Amsterdam ya 1928 ilionyesha kwa mara ya mwisho alichofundishwa na Bachrach. Katika fainali ya mita 100 alikuwa akikabiliwa na Istvan Barany wa Hungaria na Katsuo Takaishi wa Japani. Weissmuller alisimulia baadaye kwamba alipofika kwenye ukuta wa kugeuzia alitupa jicho kumtazama mpinzani wake, na maji yakamwingia kinywani wakati wa kuvuta pumzi. Alihisi kizunguzungu na kurudi nyuma.

Kila aliyewahi kupaliwa na maji anajua kinachofuata. Mwili hutaka kukohoa, kichwa hutaka kuinuka, mikono hutaka kupigapiga. Angelifuata silika hiyo, mashindano yangekuwa yamekwisha kwake. Badala yake aliyameza maji hayo, akarudi katika mpigo wake, akatoa pumzi chini ya maji kama alivyozoea, na kuanza kuziba pengo. Alimaliza kwa sekunde 58.6, Barany akifuata kwa 59.8. Hesabu ya dhahabu zake ikatimia 5 baada ya mbio za kupokezana.

Muda mfupi baadaye aliacha mashindano ya ridhaa na kuingia mkataba na kampuni ya mavazi ya kuogelea ya BVD. Mwaka 1930 alichapisha kitabu kuhusu mtindo wake, Swimming the American Crawl, alichokiandika pamoja na Clarence A. Bush, ambamo mambo ya pumzi na kulegeza mwili yalipewa nafasi yake. Kisha Hollywood ikamwita.

Sinema ya kwanza, Tarzan the Ape Man, ilitoka mwaka 1932, na mpaka 1948 alikuwa amecheza 12 za aina hiyo. Afrika iliyoonyeshwa humo ilitengenezwa zaidi Marekani. Hata hivyo, katika ile ya kwanza kampuni ya MGM ilitumia baadhi ya picha zilizopigwa Afrika Mashariki kwa ajili ya sinema ya Trader Horn ya 1931. Sura iliyotolewa ya Waafrika katika sinema hizo ilikuwa ya dharau na imelaumiwa kwa haki. Kilichokuwa cha kweli ndani yake ni kuogelea: picha za chini ya maji zilizopigwa katika chemchemi za Florida zilimwonyesha bingwa aliyezoea kutulia mahali ambapo wengine huhangaika.

Hapo yafaa kutoa tahadhari ambayo makocha hawachoki kuirudia. Kubana pumzi kwa muda mrefu si mchezo wa kuigwa. Kijana anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama hupunguza hewa ya ukaa mwilini, na hivyo kuinyamazisha ile kengele ya asili inayomtaka apumue. Anaweza kuzimia chini ya maji bila dalili yoyote ya kumtahadharisha. Mazoezi ya pumzi hufanywa mbele ya mwangalizi, na yale ya kutoa hewa taratibu huwa na faida kuliko mashindano ya nani atakaa chini zaidi.

Heshima zilimfuata Weissmuller uzeeni. Mwaka 1950 kura ya waandishi wa Associated Press ilimtaja kuwa muogeleaji bora wa nusu ya kwanza ya karne. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mashujaa wa Kuogelea huko Fort Lauderdale, Florida, taasisi aliyoshiriki kuiasisi. Maisha ya nyumbani hayakuwa na utulivu ule wa bwawani, kwani alifunga ndoa mara tano, na fedha alizochuma hazikumkalia.

Miaka ya mwisho aliishi Acapulco, Mexico, afya ikiwa imedhoofishwa na kiharusi. Januari 20, 1984, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 79. Kilichomuua ni maji kujaa mapafuni, kifo kilichowasikitisha waliojua jinsi mapafu hayo yalivyomtumikia. Alizikwa huko huko Acapulco, na ukelele wa Tarzan ulipigwa kutoka kwenye kanda wakati jeneza likishushwa kaburini.

Miaka 100 baada ya ushindi wake wa Paris, katika Olimpiki ya 2024 iliyofanyika katika jiji hilo hilo, Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40. Ni zaidi ya sekunde 12 pungufu ya muda ulioleta dhahabu mwaka 1924. Mabwawa yamebadilika, mavazi yamebadilika, namna ya kugeuka ukutani na ya kuanza imebadilika. Lakini mtoto anayeingia bwawani leo kwa mara ya kwanza, popote alipo, bado huambiwa atie uso majini, alegeze mabega na kutoa mapovu taratibu, kabla ya kuambiwa lolote kuhusu kasi.